Anguko la Mashine na Nakala Yake: Historia Fupi ya Dhana na Istilahi

Utangulizi

Kazi ya afisa istilahi haimaliziki mezani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kwenda mahali ambapo watu wanafanya shughuli zao, kusikiliza wanavyosema, na kuona neno lililobuniwa mjini linavyofika kwa mtumiaji wake wa mwisho. Makala haya yalianzia katika safari moja ya namna hiyo mjini Songea, mkoani Ruvuma, katika ofisi moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja.

Ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta iliyotunza majalada ya wananchi. Katika msimu mmoja wa masika kompyuta hiyo ilianguka mara 3. Kila ilipoanguka, wakubwa wa ofisi walitoa sababu moja tu: umeme. Dhana hiyo haikuwa ya ajabu. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia kuu inayotoka Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa jenereta za dizeli, na wakazi wake walizoea kuzimika kwa taa kama walivyozoea mvua. Kwa hiyo ofisi ilinunua betri kubwa. Fedha zikatumika, betri zikafungwa, na kompyuta ikaanguka tena huku betri zimejaa.

Hapo ndipo alipoitwa fundi kijana. Yeye aliiwekea mashine utaratibu wa kunasa hali yake pindi inapoanguka, ili chanzo cha tatizo kisomwe badala ya kubashiriwa. Kabla ya kuondoka aliacha karatasi ya maelezo, akaiandika kwa Kiswahili ili isomwe na kila mtu. Kabrasha ambamo nakala hiyo ingewekwa aliliita “dampo”.

Baada ya wiki chache mashine ilianguka, ikanasa hali yake, ikajiwasha yenyewe. Fundi aliporudi, kabrasha lilikuwa tupu. Karani wa masjala, mama mwenye bidii na utaratibu, alikuwa ameagizwa kupunguza mzigo katika diski. Aliona kabrasha kubwa lenye jina la dampo, akalifuta.

Nilipomwamkia na kumwuliza juu ya jambo hilo, alinijibu kwa upole, “Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe wa lugha: dampo si mahali pa takataka?”

Sikuwa na jibu. Mama yule alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa la neno. Nia ya makala haya ni kueleza historia ya dhana hiyo iliyoitwa dampo, kisha kuonyesha kwamba mfasiri asiyejua historia ya kitu hutafsiri mabaki ya neno, na kitu chenyewe kikampita.

Chimbuko: pete za chuma

Kwa Kiingereza, nakala ya hali ya mashine iliyoanguka huitwa kwa maneno mawili, “core dump”. Mfasiri akifungua kamusi atakuta kwamba “core” ni kiini au kokwa, na “dump” ni kumwaga au mahali pa kutupia taka. Ataandika “dampo la kiini” na kudhani amemaliza kazi. Kumbe amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza liko katika neno “core”. Neno hili halihusiani na kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya programu inayotawala mashine yote. Linatokana na vipande vya chuma. Katika miaka ya 1950 kumbukumbu za kompyuta zilitengenezwa kwa vipete vidogo sana vya feriti, vilivyotungwa katika nyaya nyembamba kama shanga katika uzi. Kila kipete kiliweza kuwekewa usumaku wa kuelekea upande mmoja au upande wa pili. Upande mmoja ulisomwa kuwa 0, wa pili ukasomwa kuwa 1. An Wang, mwanasayansi mzaliwa wa China aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliomba hataza ya ugunduzi wake katika fani hii mwaka 1949. Jay Forrester na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts waliikamilisha mbinu hiyo na kuifunga katika kompyuta ya Whirlwind mwaka 1953. Wahandisi wa umeme walikuwa wamezoea kuita “core” kile chuma kinachozungushiwa nyaya katika transfoma, nao wakakipa kipete jina hilohilo.

Tunda lenye kokwa, basi, halimo kabisa katika asili ya istilahi hii. Tena vipete hivyo vilikuwa na sifa moja kubwa: havikusahau. Umeme ukikatika, usumaku ulibaki palepale. Mashine iliyoanguka iliweza kuhojiwa kama shahidi ambaye bado yu hai. Mtunza mashine aliagiza yote yaliyomo katika vipete yachapwe karatasini, kurasa kwa kurasa za tarakimu tupu, na mtaalamu akakaa nazo akitafuta mahali programu ilipopotoka. Tendo hilo la kutoa yote nje kwa mara moja, bila kuchambua, ndilo lililoitwa “dump”. Hapa ndipo lilipo kosa la pili. Kilichomwagwa hakikuwa taka. Kilimwagwa kama mkulima anavyomwaga gunia la mahindi juu ya mkeka, ili apate kuyaona yote na kutenga mabovu.

Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilitoa kijisahani cha kumbukumbu chenye namba 1103, kilichofanya kazi ya vipete kwa gharama ndogo zaidi. Vipete vikaanza kutoweka. Kumbukumbu mpya ilikuwa na kasoro ambayo sisi wa leo tumeirithi: umeme ukikatika, husahau kila kitu. Mashine zikabadilika, lakini jina la vipete likabaki katika vinywa vya wataalamu. Toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix, la Novemba 1971, tayari lilikuwa na maelezo ya faili liitwalo “core”, ambamo sura ya programu iliyoanguka huhifadhiwa. Hata leo jina hilo linatumika katika mashine ambazo hazina kipete hata kimoja.

Kujisimamisha kwa kiini

Mpaka hapa tumezungumza juu ya programu ya kawaida kuanguka. Jambo huwa zito zaidi kinapoanguka kiini chenyewe, kwa kuwa hapo hapana msimamizi aliyebaki wa kuandika kilichotokea.

Mfumo wa Multics, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maabara za Bell na kampuni ya General Electric, ulijaribu kujiponya wenyewe kila ulipopatwa na hitilafu. Maabara za Bell zilijitoa mwaka 1969, na watu wake, wakiongozwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaanza Unix. Tom Van Vleck, mmoja wa wahandisi wa Multics, amesimulia kwamba alipata kumwambia Ritchie kuwa nusu ya programu aliyokuwa akiiandika ilikuwa ya kushughulikia makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao wameyaacha yote hayo. Katika Unix kuna agizo moja tu la hali ya namna hiyo. Likiitwa, mashine husimama, na mtu hupaza sauti ukumbini ili mwenzake aiwashe tena.

Agizo hilo waliliita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya hofu ya ghafla. Wafasiri wetu wamejaribu “taharuki”. Mwalimu wa fasihi atalipinga mara moja, na atakuwa na haki: katika uhakiki taharuki ni ile hali ya msomaji kutaka kujua yatakayofuata. Wengine wangependa “fazaa”. Lakini tukitazama tendo lenyewe, kiini hakiogopi kitu. Kimegundua kwamba hesabu zake haziaminiki tena, na kwamba kikiendelea kitaharibu majalada yaliyomo katika diski. Kwa hiyo kinaamua kusimama. Huo ni uamuzi wa busara, kama wa dereva anayeegesha gari baada ya kugundua kwamba breki hazishiki. Kiswahili kinacho kitenzi cha kueleza hivyo bila mzaha: kujisimamisha.

Kiini cha akiba

Namna ya kupata nakala baada ya kiini kujisimamisha ina historia yake. Katika matoleo ya Unix yaliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiini kilichokuwa kinaanguka kilijitahidi kumwaga kumbukumbu yote katika sehemu maalumu ya diski, na mashine ilipowashwa upya programu nyingine iliiokota nakala hiyo na kuihifadhi. Utaratibu ulifaa, lakini ulikuwa na hatari. Ulimtegemea mgonjwa mahututi ajiandikie mwenyewe cheti cha ugonjwa wake. Kiini kilichokwisha kuchanganyikiwa kingeweza kuandika mahali pasipostahili na kufuta majalada mema.

Hatari hiyo ilijadiliwa sana katika jumuiya ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. Jitihada kadhaa za kuandika nakala kwa njia ya zamani hazikupata nafasi katika kiini rasmi. Ufumbuzi uliokubaliwa ulitoka mwaka 2005, katika toleo la 2.6.13, nao unaitwa kdump. Fikra yake ni nyepesi. Mashine inapowashwa, sehemu ndogo ya kumbukumbu hutengwa. Aghalabu ni megabaiti mia na kitu au zaidi kidogo, kutegemea ukubwa wa mashine. Ndani ya sehemu hiyo huwekwa kiini cha pili, kidogo na kizima, ambacho hakifanyi kazi yoyote. Kinangoja tu. Kiini kikuu kikijisimamisha, udhibiti huhamia kwa kiini hicho cha pili moja kwa moja, bila mashine kuzimwa. Kwa kuwa umeme haukukatwa, kumbukumbu ya kiini kilichoanguka ingali kamili. Kiini cha pili kinaisoma, kinainakili katika diski au kuipeleka kwa mtandao hadi mashine nyingine, kisha kinaiwasha mashine upya.

Anayeuweka utaratibu huu ana mambo 4 ya kutimiza. Kwanza, kutenga kumbukumbu ya kutosha. Ikiwa ndogo mno, kiini cha pili hakitaweza kuamka. Pili, kuchagua mahali pa kuweka nakala na kuhakikisha pana nafasi. Tatu, kuamua kiasi cha kunakili, kwa maana si kila ukurasa wa kumbukumbu una manufaa kwa uchunguzi. Nne, kujaribu: kuiangusha mashine kwa makusudi, wakati ambapo hakuna anayeitumia, na kuona kama nakala inapatikana. Wengi huliruka jambo hili la nne, nao hugundua siku ya msiba kwamba walichokuwa nacho ni jina tu la utaratibu.

Yafaa msomaji aone pia mpaka wa utaratibu huu. Umeme ukikatika hapana nakala, kwa kuwa kumbukumbu imesahau kabla ya yeyote kuisoma. Kwa hiyo nakala ikipatikana, kupatikana kwake tu kunathibitisha kwamba mashine haikuzimwa na umeme. Laiti nakala ile ya Songea isingefutwa, ingemaliza ubishi wa betri kabla hata haijafunguliwa. Ilipokuja kunaswa nyingine, baada ya mashine kuanguka kwa mara ya 5, ilionekana kwamba tatizo lilikuwa katika programu ndogo inayoendesha kadi ya diski. Ilibadilishwa kwa toleo jipya, bila gharama ya ununuzi. Fedha za betri zilikwisha kutumika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mashine isiyoacha nakala ni mficha maradhi asiyejua kwamba anaficha.

Kompyuta na Kiswahili nchini

Yafaa kuuliza kwa nini maneno haya yametufikia yakiwa mabichi hivi. Jibu limo katika historia yetu wenyewe.

Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Mfaume Kawawa, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwenyewe alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya wakati ule, na watumishi wa Songea hawachoki kulikumbusha hilo. Mwaka huohuo wa 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Toka miaka ya 1970 Baraza likatoa orodha za Tafsiri Sanifu kwa ajili ya maofisi na taaluma mbalimbali.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kuingia. Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974, baada ya jitihada za kuziweka hesabu za serikali katika kompyuta kutofanikiwa, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye. Kwa maoni yangu, matokeo yake kwa lugha yalikuwa haya: katika miaka ile ambapo moto wa kubuni istilahi ulikuwa mkali, mashine zenyewe zilikuwa chache na waliozigusa walikuwa wachache zaidi. Mashine zilipoanza kuja kwa wingi, zilikuja pamoja na msamiati wake, na fundi akalazimika kuwa mfasiri bila kuombwa.

Jitihada hazikukosekana. “Kompyuta” ilishindana na “tarakilishi” na “ngamizi”, na katika matumizi ya Tanzania imeshinda. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi kwa Kiswahili. Istilahi za dirisha na menyu zilishughulikiwa. Istilahi za chumba cha mashine, ambazo mwananchi hazioni, zilibaki kwa fundi. Kisa cha Songea kinaonyesha kwamba kuna siku karani wa masjala anakutana nazo.

Uchambuzi na mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, napendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

Kiini. Neno hili limekwisha kuenea kwa sehemu inayotawala mfumo endeshi, na linafaa. Lisitumike tena kutafsiri “core” yenye asili ya vipete vya feriti, ama sivyo dhana mbili zitakuwa na jina moja.

Anguko. Mafundi na watumiaji husema “mfumo umeanguka”. Tuwaachie. Lakini tutofautishe mambo matatu: mfumo uliokwama bado unakwenda ila haujibu, mfumo ulioanguka umesimama kwa hitilafu ya ndani, mfumo uliozimika umekosa umeme. Taarifa nyingi za maofisini huandika “umezimika” kwa yote matatu, na hivyo fundi huanza kazi akiwa amepotezwa.

Kumbukumbu. Hapa pana tatizo kubwa zaidi. Mjini Songea yapo Makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari hufanyika kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Katika matumizi hayo kumbukumbu ni kile kisichopasa kusahauliwa. Ofisini neno lilelile lina maana ya nyaraka zilizohifadhiwa. Katika kompyuta tumelipa sehemu inayosahau kila kitu umeme unapokatika. Katika ofisi ile fundi alipotamka kwamba “kumbukumbu imefutika”, mkuu wa masjala alishikwa na hofu, akidhani majalada ya wananchi yamepotea. Fundi alikuwa na maana ya kumbukumbu ya mashine tu, na majalada yalikuwa salama katika diski. Napendekeza sehemu hiyo ya mashine iitwe “kumbukumbu ya kazi”, daima kwa maneno matatu, na vilivyohifadhiwa katika diski viitwe majalada, nyaraka au taarifa.

Nakala ya anguko. Hili napendekeza badala ya dampo, jalala na mwago. Ni nakala, na kila karani anajua kwamba nakala hutunzwa. Tena inapasa kutunzwa kwa siri: kwa kuwa ni picha ya kumbukumbu ya kazi yote, huenda ndani yake mna nywila na majina ya wananchi yaliyokuwa yakishughulikiwa saa ile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika nayo kama inavyohusika na jalada lolote. Anayeiita dampo anamkaribisha mwingine aifute, au aiache mlango wazi kama taka zinavyoachwa.

Kunasa. Tumekuwa na “kinasasauti” kwa miaka mingi, na hakuna anayekishangaa. Tendo la kupata nakala ya anguko liitwe kunasa.

Kiini cha akiba. Hiki ni kile kiini cha pili kinachongoja. Dereva anajua gurudumu la akiba, mwanajeshi anajua kikosi cha akiba. Maana itaeleweka bila maelezo.

Hitimisho

Msingi wa Baraza katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Mapendekezo niliyotoa yametoka katika hatua ya kwanza. Inawezekana Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au Kiyao vina neno bora zaidi kwa kitu kinachookotwa baada ya maangamizi ili chanzo kijulikane. Walimu na watumishi wa Ruvuma wanaolijua wanaombwa walilete.

Kabla ya kuondoka Songea nilirudi katika ofisi ile. Fundi alikuwa amebadilisha jina la kabrasha na kuliita “Nakala za Anguko”. Mama wa masjala alikuwa ameongeza mwenyewe, kwa kalamu, chini ya karatasi ya maelezo: “Zisifutwe bila idhini ya mkuu wa ofisi.” Nilimwuliza kama sasa jina linaeleweka. Akasema, “Nakala naijua, mwanangu. Kazi yangu ni kutunza nakala.”